Magoti ya Kidawa Yagoma Kuamka

Kidawa aliishi Lushoto, mlimani kwenye baridi. Kila asubuhi Kidawa aliamka. Lakini magoti yake hayakuamka!

"Amkeni, magoti, jua limetoka!"
"Ng'o! Ng'o! Hatutaki!"

Kidawa alikuwa na ugonjwa wa viungo. Magoti yalivimba. Yaliuma. Yalikakamaa kama kuni.

"Leo twende kliniki," alisema Mama. "Ukafanye mazoezi."

"Sitaki! Huu ni ugonjwa wa mabibi. Watoto watanicheka."

Bibi akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Wa mabibi? Mbona mimi sina?"

Bibi akaruka, puu! Akaruka tena, puu! Kilemba kikamfunika macho.

Kidawa akacheka. Mama akambeba mgongoni, wakaenda.

Kumbe kliniki kulijaa watoto!

"Mimi Hemedi," alisema mmoja. "Viwiko vyangu vivivu. Wewe je?"

"Mimi magoti."

"Yanakoroma?"

"Sana! Khorrr, khorrr!"

Hemedi akacheka. Kidawa akacheka zaidi. Kumbe hakuwa peke yake.

Akaingia mtaalamu wa mazoezi, mrefu, mwenye tumbo la mviringo. Watoto walimwita Mjomba Mhina.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba! Kwanza tupashe viungo joto."

Akamfunika Kidawa magoti kwa taulo la uvuguvugu. Aaah! Raha!

"Sasa tujinyooshe kama paka," alisema Mjomba Mhina.

Akainama. Akajinyoosha. "Miaaau..."

CHWAAA!

Suruali ikapasuka! Ndani, kaptura nyekundu. Ina picha za ndizi!

Watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Mjomba Mhina akajibana ukutani. "Jamani, taulo! Nani ataniletea taulo?"

Taulo kubwa lilining'inia kule mlangoni. Hemedi alikuwa amelala chini, anacheka. Wote walikuwa wanacheka.

Kidawa akamwonea huruma Mjomba.

"Amkeni, magoti, jua limetoka!"
"Ng'o! Ng'o! Hatu..."
"Mjomba ana shida!"
"Haya basi."

Kidawa akasimama pole pole. Magoti yaliuma kidogo. Akapumzika. Akaenda tena. Tiki... tiki... tiki... Akalishika taulo, akampelekea Mjomba!

Mjomba Mhina akajifunga taulo kiunoni. Lilikuwa la maua ya waridi.

"Asante, Kidawa! Umeniokoa."

"Mjomba, sasa unafanana na Bibi."

Mjomba Mhina akacheka, tumbo likatikisika. Kisha wote wakajinyoosha kama paka, pole pole, Mjomba na taulo lake kiunoni. Miaaau!

Usiku Mama akamfunika Kidawa blanketi zito.

"Mama, tunarudi lini kliniki?"

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ni kesho?"

"Siyo kesho. Lala, mwanangu."

Kidawa akafumba macho.

Akafumbua jicho moja.

"Mama, nimeshalala. Sasa ni wiki ijayo?"