Siku ya Mabuyu ya Kijani

"Koroga, usisimame! Ukisimama itashika chini," Bi Hafidha alisema.

Sumeiya alikamata mwiko kwa mikono miwili akaendelea kukoroga. Ndani ya sufuria sukari ilikuwa imeanza kuwa nzito, na harufu ya iliki ilikuwa imejaa ua mzima. Bi Hafidha, mama yake, alimwaga mabuyu, naye akayageuza na kuyageuza mpaka kila punje ikavaa sukari na rangi. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo nyumbani kwao Muyeye: asubuhi kupika mabuyu, mchana kuyapakia, jioni kuyapeleka madukani.

Siku zote mabuyu yao yalikuwa mekundu. Jumamosi hii rangi nyekundu ilikosekana, kwa hiyo Bi Hafidha akanunua ya kijani.

"Watoto hufuata utamu, hawafuati rangi," alisema, akacheka.

Sumeiya hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa majuma kadhaa alikuwa anaficha jambo. Fizi zake zilikuwa zinatoka damu. Mwanzo aliiona damu wakati wa kupiga mswaki tu. Akadhani mswaki ndio unaomwumiza, akauacha. Kila asubuhi aliulowesha maji ili mama yake auone umelowa, kisha akaurudisha kikombeni. Lakini damu haikukoma. Fizi zikavimba, na sasa damu ilitoka hata akitafuna muhogo.

Hapo ndipo mabuyu yalipomfaa. Akimung'unya mabuyu mekundu, mdomo mzima hugeuka mwekundu, na hakuna awezaye kujua ipi ni rangi na ipi ni damu.

Aliogopa kusema kwa sababu ya Fumo, binamu yake. Fumo alikwenda kwa daktari wa meno na jino linalouma, akarudi bila jino. Tangu siku hiyo shule nzima ilimwita Pengo, na hata mwalimu mmoja aliwahi kuteleza ulimi akamwita hivyo mbele ya darasa. Jino la Fumo lilikuwa la pembeni. Fizi zilizomsumbua Sumeiya zilikuwa za mbele kabisa, chini na juu. Aliamini kwamba daktari akimwona tu, atang'olewa meno yote ya mbele.

Mdogo wake, Twahir, alikuja kuchungulia sufuria. Alisogea karibu na dada yake, akarudi nyuma ameziba pua.

"Mama, dada ananuka kama ngonda iliyonyeshewa!"

"Nyamaza wewe! Hata samaki mkavu ana nafuu kuliko mtu asiyejua kufuta kamasi."

"Basi, nyote wawili," Bi Hafidha alisema. "Sumeiya, onja. Sukari imetosha?"

Sumeiya alitia punje moja mdomoni, akaibana kwa meno ya mbele.

"Imetosha, mama."

Bi Hafidha alikuwa ameinama juu ya sufuria. Aliinua kichwa akamtazama, akamtazama tena.

"Hebu fungua mdomo."

Ulimi ulikuwa wa kijani. Katikati ya meno palikuwa pekundu.

"Hiyo kijani nimeitia mimi," Bi Hafidha alisema polepole. "Huo wekundu umetoka wapi?"

"Nimejiuma ulimi."

"Utoe niuone."

Ulimi ulikuwa mzima. Sumeiya alijaribu kutafuta neno jingine, akakosa, akaanza kulia.

"Mama, usinipeleke kwa daktari. Watanifanya kama Fumo!"

Bi Hafidha hakumgombeza. Alimpokea mwiko taratibu, akageuza mabuyu yasiungue. "Jumatatu tutakwenda," alisema.

Chumba cha meno katika kituo cha afya kilikuwa na kiti kirefu na taa kubwa. Daktari Kadzo, mwanamke wa makamo, alikuwa anavaa glavu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Keti ujinyooshe. Unapiga mswaki?"

"Kila siku."

Daktari hakubishana naye. Alimpa kioo, akaushusha mdomo wake wa chini kwa kidole.

"Unauona ukanda huu wa manjano, hapa jino linapokutana na ufizi? Huu ni ukoga. Mwanzo huwa laini, na mswaki huutoa. Ukiachwa hukauka kama ukoko wa wali, kisha ufizi huvimba, hutoa damu, na mdomo hunuka. Sasa nitakuuliza tena, wala sikugombezi. Umepiga mswaki lini?"

Sumeiya alikitazama kioo.

"Zamani. Nilikuwa naulowesha tu."

"Ee Mola!" Bi Hafidha alisema kutoka kwenye kona. "Na mimi kila asubuhi nikiuona umelowa, nashukuru kwamba nina mtoto msafi!"

Sumeiya alikishusha kioo. "Daktari, utaning'oa?"

Daktari Kadzo aliyabonyeza meno ya mbele moja moja.

"Hayachezi. Ungeendelea kuficha kwa miaka, ufizi na mfupa vingeliachia jino, na hapo ningekuwa na habari nyingine ya kukupa. Leo hakuna la kung'oa. Kazi iliyopo ni kusafisha."

Alipaka fizi dawa ya ganzi. Kisha alichukua kifaa chembamba kilichovuma kama mbu na kurusha maji, akapita jino baada ya jino, halafu akakwangua palipobaki kwa kijichuma kilichopinda. Paliwasha, pakauma kidogo. Sumeiya alipotema, aliona vipande vya ukoga ndani ya beseni, vigumu kama punje za mchanga.

Meno ya chini yalipokwisha, daktari aliweka vifaa kando.

"Tuishie hapa. Fizi za juu zimevimba zaidi, na leo umevumilia vya kutosha. Kesho asubuhi mrudi. Leo usiku upige mswaki laini, taratibu, mpaka kwenye ufizi. Damu itatoka kidogo. Usiache."

"Na mabuyu?"

"Kula, lakini usiyamung'unye kutwa, na ukimaliza sukutua kwa maji." Alivua glavu. "Ile damu ilikuwa dalili, Sumeiya, nawe ukaifunika kwa rangi. Siku nyingine mwili ukikuonyesha kitu usichokielewa, mwonyeshe mama yako siku hiyo hiyo. Hakuna atakayeweza kukusaidia kwa jambo asilolijua."

Usiku ule Sumeiya alisimama uani na mswaki mpya. Alipotema, mate yalikuwa na wekundu hafifu.

"Mama," aliita, "njoo uone."

Bi Hafidha alikuja na tochi ya simu, akainama, akatazama kwa makini.

"Ni kama alivyosema daktari. Endelea, polepole."

Akaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza alipitisha ulimi kwenye meno ya chini, pakateleza kama sahani mpya. Akaupandisha juu, pakakwaruza bado. Hapo palikuwa pa kesho.