Kaburi Alilolipima Fundi

Siku ile ile fundi cherehani aliposhinda kesi ya shamba, suruali aliyokuwa akiipinda ilikutwa na udongo mbichi mfukoni. Suruali mpya, haijavaliwa na mtu. Akaikung'uta, akacheka. Nani wa kumharibia furaha? Amembwaga dada yake, mjane wa watu, na shamba lote la marehemu baba yao limekuwa lake.

Alivyoshinda sasa, hapo ndipo penye utamu. Hakimu alisema atakwenda shambani kujionea. Ardhi ya ukoo haina hati. Ushahidi wake ni miti uliyopanda na watu uliowazika. Dada alikuwa na miti. Fundi hakuwa na kitu, hata mtoto, maana mkewe hakujaliwa kuzaa. Basi akaivua futi yake shingoni, akapima kama anayekata kanzu ya mtoto, akachimba, akafukia, akapanga mawe juu. Hakimu alipofika, fundi akaapa huku machozi yanamchuruzika, utadhani kweli.

"Mheshimiwa, hapa amelala mwanangu wa kwanza."

"Mwongo!" dada akapiga kelele. "Wifi, sema wewe! Ulizaa lini?"

Wifi mtu akatazama vidole vyake vya miguu. Shamba likaenda. Lakini kiapo kile hakukisikia hakimu peke yake.

Baada ya ule udongo ikaja harufu, harufu ya shimo lililonyeshewa, ikaingia kwenye vitambaa, kwenye mito, mpaka kwenye chai. Halafu mchana mmoja, mlango wazi, watu wanapita nje, cherehani ikaanza kujikanyaga yenyewe, taratibu, na chini ya meza kitu kikapumua.

"Baba."

Fundi akamkimbilia mkewe jikoni. "Umesikia?"

"Nimesikia," mke akanong'ona, macho yanamng'aa. "Ana njaa." Alikwisha kumpakulia.

Mganga aliletwa, yule anayejisifu hajashindwa na jini lolote. Akaishia kizingitini, ameziba pua.

"Hili halikuvamia," akasema chinichini. "Umeliita mwenyewe kwa kiapo, ukalijengea nyumba, ukajitangaza baba yake. Kakikane kiapo pale pale kaburini, dada yako akisikia, umrudishie shamba lake."

"Nimrudishie? Nitawatazamaje watu?"

"Basi mtazame mwanao," mganga akajibu, akajiondokea.

Fundi, mjanja wa kupindukia, akaona njia ya mkato: atakana, ila peke yake, shamba libaki. Akaenda jua la utosi. Mkewe akamfuata akilia, "Usimkane mwanangu, mume wangu, ndiye huyu huyu niliyepewa!" Hakugeuka. Akayapiga mawe mateke na kufoka, "Sina mtoto! Humu hamna mtu!" na pale pale ndege wakanyamaza, ile harufu ikapanda kutoka ardhini ikamjaa kooni, na chini ya miguu yake sauti ndogo, ya upole kabisa, ikasema, "Baba, hapa pananibana, nipimie upya," na mikono yake, ambayo hakuwa akiitawala tena, ikaivua futi shingoni, ikampigisha magoti, ikaishusha ncha yake penye ufa wa udongo, na huko chini kitu kikaishika ile ncha na kuanza kuvuta.

Mke alisimama akatazama. Hakuita mtu.

Dada alipopita kumuulizia kaka yake, alimkuta wifi yake kibarazani anashona kaptula ndogo, anaimba. Kule shambani alikopitia kwanza, tuta halikuwa tena la mtoto. Lilikuwa refu kama mtu mzima aliyejinyoosha, na kipande cha futi kimetokeza kwenye udongo.

"Wifi, kaka yuko wapi?"

"Amelala na mwanawe." Akakata uzi kwa meno, akatabasamu. "Na wale pacha wako hawajambo? Waje siku moja. Mwanangu hana wa kucheza naye."

"Shamba lichukue, wifi," dada akasema huku anarudi kinyumenyume. "Lichukue lote. Sisi hatuji."

"Haya. Yeye anapajua kwako."

Dada hakusimama mpaka kwake. Akatia mkono kwenye mfuko wa gauni atoe ufunguo, na vidole vikazama kwenye udongo mbichi. Ndani, pacha wake walikuwa wanacheka, na kicheko kilikuwa cha watoto watatu.