Kichwa Kisichouma

Kila asubuhi Chiriku alifagia ua, akachemsha maji, kisha akafua nepi za mdogo wake mchanga. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata nepi alizisimulia habari za darasani.

Jumamosi moja mama yake, fundi cherehani, alimwita chumbani. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu.

"Binti yangu, kimbia zahanati. Mwambie nesi matiti yamejaa, yamekuwa magumu, na mtoto anashindwa kushika chuchu. Muulize nifanye nini."

Chiriku alifika akihema. Kwenye benchi alimkuta nahodha wa timu ya shule, goti limefungwa bandeji, pamoja na wenzake wawili. Nahodha huyo alikuwa bingwa wa kumpachika mtu jina likamganda mwaka mzima.

"Mama ana nini?" nesi aliuliza kutoka dirishani.

Neno lilikuwa mdomoni. Chiriku akawatupia jicho wale wavulana, akalimeza.

"Kichwa kinamuuma."

Nesi akaacha kuandika. "Mzazi anayeumwa kichwa si wa kupuuzwa. Mpe dawa hizi za maumivu. Foleni ikiisha nitakuja kumpima presha. Mpokee mtoto ili mama alale kidogo."

Mama alishangaa kupewa maagizo hayo, lakini akatii. Chiriku alizunguka ua na mtoto mikononi akimbembeleza. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka, na ndani mama naye alianza kuugulia. Kila Chiriku alipotaka kusema ukweli, aibu ilimrudisha uani.

Nesi alipofika na kipima presha, mama alimtazama kwa mshangao. "Kichwa changu kizima. Kinachoniua ni matiti."

Wote wawili wakamgeukia Chiriku. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Niliona haya," alisema huku akilia. "Wavulana walikuwepo."

Nesi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimtuma maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Mama akajikanda kwa muda mfupi, kisha akakamua kidogo kwa mkono mpaka sehemu inayozunguka chuchu ikalainika. Mtoto akafungua mdomo wote, akashika. Alinyonya kama mtu aliyedhulumiwa, na kweli alikuwa amedhulumiwa.

"Mnyonyeshe mara kwa mara, usiku na mchana, usingoje yajae," nesi alimwambia mama. "Akimaliza, weka kitambaa cha baridi kupunguza uvimbe. Ukiona homa au wekundu, njoo upesi."

Chiriku alimwomba mama msamaha bila kuthubutu kumtazama usoni.

Jumatatu baada ya masomo alitumwa tena zahanati kupeleka habari. Nahodha alikuwa pale pale benchini, amekuja kubadilishwa bandeji.

"Mama anaendeleaje?" nesi aliuliza, kwa sauti ile ile.

Masikio ya Chiriku yalipata moto. "Matiti yamelainika," alisema. "Mtoto ananyonya vizuri."

Nahodha aliinua kichwa, kisha akaendelea kukuna goti lake. Hakucheka.

Nesi akamsogelea Chiriku dirishani. "Kuona haya si kosa, binti yangu. Lakini titi ni kiungo kama goti la huyu. Likiuma linatajwa ili litibiwe. Juzi ulitaja kichwa ili usichekwe, na mama yako ndiye aliyelipia."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Siku hiyo alirudi nyumbani bila kuzungumza na mtu njiani, akiyatafakari maneno hayo.