Kikapu cha Tatu cha Mwoka Mikate

"Mkono mmoja! Nimesema mkono mmoja kwenye mwiko!"

Hiyo ni sauti ya mama yangu, doña Micaela, kama tunavyowaita hapa wanawake wa heshima. Ukiisikia unaacha unachofanya hata kama hujakosa. Mimi na yule mgeni tukauachia mwiko kwa pamoja, ukazama kwenye krimu.

"Haya, sasa mmeacha wote wawili. Nani anakoroga? Malaika?"

"Nisamehe, mama," mgeni akasema. "Nilidhani mwalimu amechoka."

"Mwalimu hachoki. Krimu ni kama unga wa mahindi wa kupikia tamale, inataka mkono mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ukiingia wa pili inakatika. Unabaki na maji huku, mafuta kule, na aibu katikati."

Naitwa Josefa Ujpán. Hapa San Juan, kando ya ziwa, mimi ndiye ninayefundisha wasafiri kutengeneza krimu za ngozi kwenye bustani ya kikundi chetu cha akina mama. Wanakuja asubuhi, wanachuma maua wenyewe, wanayeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta ya parachichi, wanakoroga, na mchana kila mtu anaondoka na kikopo chake. Karibu wote ni wanawake. Kwa hiyo siku ile alipotokea mwanaume mzima, peke yake, amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa, akina mama wa kikundi walishikwa na kikohozi wote kwa mpigo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mafua.

"Wewe umefuata nini huku?" nilimuuliza.

Akanifungulia viganja. Masikini wee! Vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Eliseo Sacalxot, mwoka mikate, kutoka mji wa Xela," akasema. "Unga unakunywa mafuta yote ya mkono, halafu tanuri linamalizia kilichobaki. Nimepaka krimu za dukani mpaka nimewashwa. Nimeambiwa ninyi mnatumia maua."

"Na kikapu?"

"Mikate. Nitaendaje kwa watu mikono mitupu?"

Baada ya mama kutufokea Eliseo alianza upya, akakoroga mwenyewe. Nilimwonyesha mara moja tu. Maji ya maua na mafuta lazima yawe na joto moja, unamimina taratibu, mwembamba kama uzi. Ukimimina maji baridi, umeharibu. Akatia kidole kwenye maji, akatia kwenye mafuta, akaitikia kwa kichwa, akamimina. Krimu ikashika, nyeupe, laini, mpaka mimi mwalimu nikaona wivu.

Aliondoka na kikopo chake. Kikapu alikiacha mezani, na mama hakukigusa.

Kwetu mwanaume akimtaka binti wa watu, upande wake huja na kikapu cha mikate mara tatu. Nyumba ya binti ikifungua kitambaa cha kikapu cha tatu ikala, imekubali, maneno yamekwisha. Miaka mitano iliyopita tulifungua kitambaa cha kijana mmoja aitwaye Wilmer. Tulikula, majirani wakala, mtaa mzima ukalamba sukari vidoleni. Wilmer akaenda kaskazini kutafuta maisha. Aliyapata, na mke juu yake. Mimi nilibaki hapa nikipishana kila siku na watu waliokula mikate yangu ya posa. Tangu hapo mama hali mkate wa kuletwa, wa mtu yeyote, asilani.

"Mama, huyu ni mgeni tu," nilimwambia jioni ile. "Kaleta mikate kwa sababu ndiyo kazi yake."

"Sijasema kitu. Mara ya kwanza mkate ni mkate. Wape jirani."

Haikupita wiki, simu ikalia ujumbe.

"Mwalimu, shikamoo. Krimu imekatika."

Nikaandika, "Imekatikaje? Niliiona imeshika kwa macho yangu."

"Hata mimi nashangaa. Labda hewa ya Xela. Nije tena?"

"Darasa liko wazi kwa kila mtu."

"Mimi nimeuliza kama nije, sijauliza kama darasa liko wazi."

Nikaitazama ile simu kama vile imenifinya. Nikajibu, "Njoo." Halafu nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Akaja na kikapu cha pili. Safari hii krimu yake ilikatika palepale mezani, mbele yangu, vidonge vidonge vinaelea kwenye maji.

"Ulipima joto kweli?"

"Nilipima, mwalimu. Kichwa changu kigumu."

"Kigumu kama mkate wa juzi."

"Mkate wa juzi ukichovya kwenye kahawa unalainika. Sema tu utanichovya lini."

Jamani, nilicheka mpaka nikashika meza! Miaka mitano sijacheka hivyo. Nikaketi naye hadi basi lake likakaribia kuondoka, akanisimulia anavyoamka alfajiri, anavyojua joto la tanuri kwa kuweka kiganja mlangoni, na bibi yake aliyemlea anavyomgombeza mikate ikiungua. Nami nikamweleza habari za Wilmer. Sikukusudia. Yalitoka tu.

Hakunipa pole. Alisema, "Kwa hiyo mtu akikuletea maneno matamu, unayasikia mara mbili."

"Siyasikii kabisa."

"Sawa. Mimi sitaleta maneno."

Mama alikuwa akichambua maua, mgongo umetugeukia, masikio yametuelekea. Eliseo alipoondoka akasema, "Cha pili hicho. Mkate umeanza kusema."

"Mama, atakuwa hajui hata desturi. Wa Xela yule."

"Mwoka mikate? Posa zote za Xela zinapita kwenye tanuri lake, yeye ndiye asijue? Usinichekeshe, meno yenyewe machache."

Wiki mbili hakuandika. Nilijifanya sijali, na nilijifanya vibaya, maana kila mtu aliniuliza naumwa nini. Halafu siku moja asubuhi ikaingia sentensi moja: "Krimu imekatika tena. Nakuja Jumamosi."

Jumamosi hiyo tulikuwa na wageni wachache. Mmoja alikuwa doña Amparo, mama wa makamo kutoka Xela, mwenye mkoba mkubwa na mdomo usio na breki. Eliseo akaingia, akaweka kikapu mezani, na juu ya kitambaa akaweka fungu la chokoleti ya kunywa, limefungwa kwa utepe mwekundu.

Mikate inaweza kuwa mikate. Mikate na chokoleti ni posa, hata mtoto wa hapa anajua. Akina mama hawakukohoa tena. Walisogea karibu na meza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama akakitazama kikapu, akanitazama mimi, akarudi kwenye maua yake.

Lakini darasa ni darasa. Eliseo akaenda pembeni kwenye jiko lake, akaanza kuyeyusha nta.

"Mwalimu," doña Amparo akaniita, mkono uko ndani ya mkoba hadi kwenye kiwiko, "mimi nataka tutengeneze kama hii. Hii ndiyo imeniponya visigino."

Akatoa kikopo. Nikafungua, nikanusa, nikapaka mkononi. Ilikuwa krimu yetu. Nta kama yetu, maua kama yetu, laini kama ya siku ile ya kwanza.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mwoka mikate wetu. Ukinunua mikate anakutilia kikopo. Anaikoroga mwenyewe, ana ndoo nzima! Mtu mpole yule, anaitwa don... He! Kumbe yuko hapa! Don Eliseo!"

Eliseo aliinua kichwa, akaona kikopo mkononi mwangu, uso ukambadilika rangi. Mwiko ukasimama.

"Usiache kukoroga!" mama akamfokea. "Yatakayokuwa yatakuwa, lakini nta haisubiri."

Akaendelea kukoroga. Nikamsogelea.

"Krimu inakatika, sivyo? Hewa ya Xela."

"Josefa..."

"Niite mwalimu. Krimu ya siku ya kwanza ilikatika?"

"Haikukatika."

"Na ya hapa mezani, mbele yangu?"

"Hiyo niliikata mwenyewe. Ulipogeuka kuchukua vikopo nikamimina maji baridi."

"Mtu anayejua joto la tanuri kwa kiganja! Na mimi mjinga nikakaa nakuonea huruma! Ulitaka ujuzi wetu ukauzie mikate, ungesema tu. Kwa nini unifanye nicheke?"

Sauti ilinikatika hapo. Nilichukia kwamba ilinikatika mbele ya watu.

"Sijauza hata kimoja," akasema, mkono unazunguka, jasho linamtoka. "Nimegawa. Geuza hicho kikopo uone chini."

Nikageuza. Kulikuwa na karatasi imebandikwa, mwandiko wa mkono: jina la kikundi chetu, San Juan, na maneno, "Nenda ukajifunze mwenyewe kwa mwalimu Josefa."

"Ndiyo!" doña Amparo akadakia. "Hiyo karatasi ndiyo iliyonileta! Na hawa wenzangu wawili pia!"

"Basi kwa nini ulidanganya?" nikamuuliza Eliseo, sauti imeshuka.

"Kwa sababu krimu ikishika, mwanafunzi anaaga. Mimi sikutaka kuaga."

Nyuma yangu mmoja wa akina mama akasema, "Loo!" na mwenzake akamfinya.

"Ungesema unanipenda, ukamaliza."

"Uliniambia maneno huyasikii. Nikaleta mikate."

Natamani niwaambie nililainika palepale. Sikulainika. Nilikitazama kile kikapu nikaona cha Wilmer.

"Vikapu vitatu nimeshawahi kuviona, Eliseo. Na mtu haleti posa yake mwenyewe. Wilmer angalau alikuja na wazee wake. Wa kwako wako wapi? Ukiniacha, mama yangu atamwendea nani?"

Kabla hajajibu simu yake ikaita mezani. Mkono mmoja kwenye mwiko, mkono wa pili umejaa nta.

"Nibonyezee, tafadhali," akasema. "Ni bibi."

Nikabonyeza. Sauti ikatoka kali, bustani nzima ikasikia.

"Eliseo! Nipande au nisipande?"

"Bibi, uko wapi?"

"Niko wapi? Si hapa bandarini uliponiacha! Hiki kilima si cha mtu wa miaka themanini na moja kupanda bila kujua kama anatakiwa. Wameshakula?"

"Bado, bibi."

"Upepo wa mchana umeanza, ziwa limeanza kuchafuka. Mwenye mashua anasema anaondoka sasa hivi au haondoki mpaka kesho. Ile barabara ya makona sipiti, nilishakuambia, ndiyo maana tumezunguka na maji. Kwa hiyo niambie, nipande mashua au nipande kilima?"

Eliseo akanitazama. Hakusema neno, alitimiza ahadi yake ya kutoleta maneno. Mkono ukaendelea kuzunguka.

Wilmer alileta wajomba watatu wenye kofia nzuri, na wote walikuwa na haraka. Huyu amemleta aliyemlea, mwanamke anayeogopa makona, akavuka naye ziwa. Nikaikaribia simu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi Josefa."

"Aa! Ni wewe wa krimu! Mwanangu, magoti yangu nayapaka hiyo krimu yako kila siku. Sasa niambie wewe, maana huyu mjukuu wangu haongei. Nifanyeje?"

"Mwache mwenye mashua aende zake. Kaa kivulini, usipande peke yako. Nakuja kukushika mkono."

Kelele zilizopigwa na akina mama nadhani zilifika ng'ambo ya ziwa. Eliseo akauinua mwiko kama anataka kuutupa anifuate.

"Wewe koroga!" mama akamwambia. "Mwenzio anakwenda kuleta mgeni. Kazi yako iko hapo."

Nikashuka kilima nusu nakimbia. Nilimkuta bibi kizee mdogo, shali mabegani, ameketi juu ya gunia la vitunguu la mtu, anamgombeza mwenye mashua, aliyekuwa anafungua kamba aondoke, kwa kutokunywa maji. Akanitazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Alisema una sauti nzuri," akasema. "Hakusema una mwendo wa haraka. Twende polepole."

Tulipanda polepole kweli. Kila baada ya nyumba nne alisimama kupumua, na kila aliposimama alinipa siri moja ya Eliseo: kwamba anakoroma, kwamba hawezi kusema uongo bila masikio kuwa mekundu, kwamba baada ya kikapu cha pili aliunguza mikate siku tatu mfululizo.

Tulipofika bustanini, jambo la kwanza nililoona ni kitambaa. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimewekwa pembeni mwa kikapu. Doña Amparo na wenzake walikuwa wanatafuna. Na pale jikoni Eliseo alikuwa ameushika mwiko, na mkono wa mama yangu uko juu ya mkono wake, wanakoroga pamoja. Mkono wa pili wa mama ulikuwa na mkate, umeumwa nusu.

Ndani ya sufuria, maji huku, mafuta kule.

"Mama! Mkono wa pili! Krimu imekatika!"

"Naona, sina upofu," mama akajibu, mdomo umejaa. Alimeza taratibu, akafuta makombo kidevuni, akamvutia bibi kiti. Kisha akachukua mkate mwingine, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake.

"Krimu tutakoroga nyingine," akasema. "Kaa ule."

Nikakaa karibu na Eliseo, nikala.