Mkanda Shingoni mwa Mbuzi

Kila alasiri, kengele ya shule ikishalia, Akiru alikwenda moja kwa moja kwenye gereji ya baba yake mtaani Bulla Pesa. Hapo ndipo ilipokuwa Kombi kuukuu ya kulala, yenye kitanda, kabati na jiko dogo, iliyoachwa na Mzungu mmoja baada ya kumzimikia njiani. Mwaka mzima wa 1978 baba yake, Lobokat, na fundi mwenzake, Bonaya, waliikwangua kutu, wakaifungua injini na kuifunga upya. Akiru alishona mapazia. Ilipopona, walikubaliana safari ya kwanza iwe Merti, kwa mama yake Bonaya, ambaye mwanawe hakuwa amemtia machoni kwa miaka miwili.

Kazi ya Akiru ilikuwa kukagua sanduku la vipuri. Jioni kabla ya safari baba alimuuliza kama vyote vimo, naye akajibu vimo. Hakusema kwamba mkanda wa akiba wa feni aliuchukua wiki iliyopita, kamba ya mbuzi wake ilipokatika. Alimzungushia shingoni mara mbili, na mbuzi akazurura nao mtaani kama bibi harusi mwenye mkufu. Akiru alijiambia atauvua asubuhi. Bonaya akaondoka na sanduku kulala nalo kwake, na asubuhi pilikapilika za safari zikamsahaulisha msichana kabisa.

Walikuwa katikati ya njia, jua likiwaka, mkanda wa feni ulipokatika. Injini ya Kombi haitiwi maji; hupozwa na upepo wa feni, na bila mkanda haiendi popote. Lobokat alilipekua sanduku, kisha akalimwaga lote mchangani. Akamgeukia Bonaya.

"Mtoto alikagua, mkanda ulikuwemo. Sanduku limelala kwako. Mkanda umempa nani?"

"Sijampa mtu, Lobokat."

"Basi umetoka kwa miguu yake?"

Bonaya alichukua chupa ya maji, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kurudi walikotoka kutafuta msaada. Akiru alimtazama akienda peke yake juani. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini mtu aliyekuwa akienda kumwona mama yake sasa alikuwa akiondoka na jina la mwizi.

"Baba, ni mimi," alisema akilia. "Mkanda uko kwa mbuzi. Nilikudanganya."

Lobokat alimkodolea macho. Halafu akamkimbilia Bonaya, mtu mzima na tumbo lake, Akiru nyuma yake. Walipomfikia, baba aliomba msamaha kwanza, kisha binti.

Alasiri pikapu ilitokea, na dereva akawapa mkanda mkuukuu. Walihangaika nao mpaka ukakaa, wakaendelea na safari ya Merti polepole mpaka miti ya mto Ewaso Nyiro ilipoonekana. Hapo Bonaya akageuka.

"Akiru, mkanda tungepata, kama si leo, kesho. Jina langu ningelipata wapi? Kusahau ni kwa kila mtu. Ukisahau, sema mapema, kabla mwingine hajaulizwa."

"Na mimi nilimhukumu mtu niliyefanya naye kazi miaka kumi," Lobokat alisema. "Hilo nalo lisikie, mwanangu, usije ukaliiga."

Bonaya akamwekea Akiru sanduku mapajani.

"Tukirudi, utalikagua wewe," alisema.