Aliyemaliza wa Pili

Asubuhi ile haikuwa na dalili ya jambo. Ridhiwani na Mwinjuma walikunywa uji wa sufuria moja nyumbani kwa Bi Mwantum, pale Bungu, wakizicheka fulana za mbio walizopewa, ndefu kama kanzu. Mwinjuma alikuwa mwana wa Bi Mwantum. Ridhiwani alizaliwa na mdogo wa Bi Mwantum, marehemu, akalelewa humo humo. Majirani waliwaita mapacha, na hakuna aliyehangaika kuwasahihisha.

Mbio zenyewe ziliandaliwa na wageni kutoka Dar. Walizipa jina refu la Kiingereza, wenyeji wakaziita mbio za matope, yakaisha. Zilianzia Mahege, zikapita mikoroshoni na kwenye majaruba ya mpunga, kisha zikateremka hadi kwenye mikoko, mahali ambapo mto hugawanyika vijito na maji yakipwa mtu huvuka kwa miguu yake. Mshindi angepelekwa kambi ya riadha Arusha. Wa pili angepata medali na pole.

Kabla hawajaondoka, Bi Mwantum aliwasimamisha mlangoni, akawakumbusha kitu ambacho kila mtoto wa huko anakijua. Anayetangulia kuvuka hampi mgongo aliye majini. Husimama ukingoni, humkazia macho, humwambia "Nakuona," na haondoki mpaka mwenzake atoe miguu yote miwili. Wazee husema majini kuna wanaosubiri, nao humchukua asiyetazamwa. Vijana husema ni mamba tu. Lakini vijana nao hutazamana.

Waliahidi. Na kwenye vijito vya mwanzo walitimiza, mmoja akimsimamia mwenzake, mpaka mgeni mmoja akawapiga picha kwa mshangao. Hata hivyo waliwaacha wengine mbali sana. Walipofika kijito cha mwisho walikuwa wawili peke yao.

Msimamizi wa kivuko hicho hakuwepo. Kiti chake cha plastiki kilikuwa kimeshaguswa na maji. Maji yalikuwa yameanza kujaa.

Ridhiwani alitangulia. Yalimfika kifuani, akajikokota, akatoka. Mbele yake kulikuwa na tambarare kavu mpaka mwisho wa mbio, na kwenye tambarare hakuwahi kumshinda Mwinjuma, tangu utotoni. Akisimama tu, Arusha imekwenda.

"Ridhi, nitazame."

Aliisikia. Hilo halina ubishi, aliisikia sauti vizuri kabisa. Akajiambia kijito ni kile kile walichovulia kaa wakiwa wadogo. Akakimbia.

"Nitazame, ndugu yangu."

Hakugeuka. Nyuma yake pakawa kimya.

Alishinda. Watu walimbeba juujuu, naye akawa anatazama njia tu. Ndipo Mwinjuma akatokea mikokoni. Alikuwa anatembea. Hakuhema. Ridhiwani alilia kwa kushukuru, akamkimbilia, akamkumbatia. Mwili wa Mwinjuma ulikuwa wa baridi kama mtungi. Alivishwa medali ya mshindi wa pili, akainamisha kichwa.

Nyumbani, Bi Mwantum aliuliza kama walitazamana. Ridhiwani akamwangalia ndugu yake, ameketi mkekani, mzima. Uongo ungemdhuru nani?

"Tulitazamana, mama mkubwa."

"Nakuona," Mwinjuma alisema kutoka mkekani.

Bi Mwantum alicheka, akidhani ni utani wao. Ridhiwani hakucheka.

Jua la mchana lilikausha nguo zote kambani, zile za Mwinjuma hazikukauka mwilini. Chakula hakukigusa. Ridhiwani akihamia jikoni, macho ya Mwinjuma yapo. Akihamia uani, yapo. Hayakupepesa.

Magharibi ilipokaribia, Bi Mwantum alimvuta Ridhiwani nyuma ya nyumba.

"Mwanangu alikatwa na jembe kisigino cha kushoto," alinong'ona. "Nilimfunga mwenyewe. Huyu kovu lake lipo kulia. Kama mtu anavyojiona majini."

Ridhiwani aliifunika medali yake kwa kiganja.

"Sema kweli, baba. Ulimtazama akatoka?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Angesema hapana, wanaume wangechukua tochi na mitumbwi. Lakini angesemaje, na medali ya dhahabu ingali shingoni? Aibu ilimziba mdomo, hofu ikamalizia.

"Nilimtazama."

Bi Mwantum alivuta pumzi. Akasema labda macho yake yamezeeka. Hakuna aliyekwenda mtoni.

Alfajiri mkeka ulikuwa mtupu. Jua halijapanda sana, wavua kaa wakaleta habari. Walimkuta Mwinjuma kijito cha mwisho, amekumbatia mizizi ya mkoko, mguu umenasa chini, miundi imechanwa na chaza. Shingoni hakuwa na medali. Maji hayakumfika mdomoni. Usiku kucha walisikia mtu akiita, walikiri kwa sauti ya chini, ila sauti ya mikokoni usiku haiitikiwi. Walipomgusa, kwapani mlikuwa bado na joto.

Ridhiwani alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Kovu lilikuwa kushoto.

Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao. Arusha Ridhiwani hakwenda. Mkeka ule ulibaki na alama ya maji, umbo la mtu aliyeketi, na mbele yake nyayo mbili. Bi Mwantum aliuanika, akaufua, akauanika tena. Haukukauka. Ridhiwani alihamisha kitanda chumba kingine, na kesho yake nyayo zikawa zimegeuka, vidole vimeelekea huko alikohamia. Wa kulia ulikuwa na mstari mkavu kisiginoni, pale kovu lilipokanyaga. Akazoea kutoka ndani kinyumenyume, asiupe mkeka mgongo. Ukweli hakuusema, na Bi Mwantum hakuuliza mara ya tatu.

Mpaka asubuhi moja Bi Mwantum alipomwita. Alikuwa amechuchumaa karibu na mkeka, amejifunika kanga usoni, kidole kimeelekea kwenye nyayo. Mstari wa kulia haukuwepo tena. Ulikuwa kisigino cha kushoto.

"Huyu sasa ni wangu," alinong'ona. "Amefika. Kaa hapo, Ridhi. Safari hii mtazame."