Kiti cha Mzinga

Watu hudhani majini husubiri giza. La hasha. Lililoingia kwenye ile kwaya liliingia saa kumi na nusu alasiri, jua likiwaka madirishani, na waliolifungulia mlango ni watu wazima wenye akili zao timamu, tena wakiwa wanatenda wema.

Mwalimu wa kwaya hiyo alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye miguu iliyovimba kila aliposimama sana, na kazi yake ilikuwa kusimama. Mwaka huo walialikwa kufunga tamasha la nyimbo takatifu kwa misa ya mtunzi mmoja Mcheki, marehemu wa siku nyingi. Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini, na kwaya nzima haikuwa na mtu aliyeweza hata kuomba maji ya kunywa kwa Kilatini. Lakini lugha haikuwa shida. Shida ilikuwa Amina ya mwisho. Mcheki yule, sijui aliwaandikia watu au mivukuto ya mhunzi, aliishusha sauti ya pili chini kabisa, akaiweka kwenye nota moja, akaiacha hapo mpaka mwimbaji aone nyota mchana.

"Hakuna kifua cha binadamu kinachofika mwisho," Mwalimu aliwaambia. "Kwa hiyo mtapokezana. Jirani yako akivuta pumzi, wewe shikilia. Ukivuta wewe, ashikilie yeye. Msikilizaji asijue shimo liko wapi. Na mtu asinichezeshee midomo! Nawajua samaki wote humu."

Samaki ndilo jina alilowapa wanaofungua kinywa bila kutoa sauti. Kwa miaka thelathini aliwanasa mmoja mmoja, hata waliojificha nyuma ya nguzo.

Sauti ya pili ilikuwa na pengo. Dada yake Mwalimu, ambaye kila mtu alimwita Mzinga kwa jinsi sauti yake ilivyovuma chini kama nyuki, alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Mwalimu alimuuguza miezi saba. Alimzika Jumamosi, na Jumanne akawa mbele ya kwaya. Watu wakasema huyu mama ana moyo wa chuma. Hakuwa nao. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia alikuona kama kazi nyingine ya kupangiwa siku.

Sasa, kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Mwanakwaya akifariki kabla ya tamasha, jina lake halifutwi daftarini mpaka tamasha lipite. Kiti chake hubaki palepale, kitabu chake cha nota juu yake. Na Karani wa kwaya, mzee mmoja mshona viatu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea soli, akiita majina na kufika kwenye jina hilo, wote huitikia kwa pamoja, "Yupo." Ilikuwa desturi nzuri, ya kuliwaza, na hakuna aliyewahi kujiuliza inamwambia nani.

Siku ya kwanza mambo yalipoharibika, Mwalimu aliwakatisha katikati ya Amina ile. Alifunga ngumi hewani, na sauti zote zikakatika. Isipokuwa moja. Ile nota ya chini iliendelea, nyororo, bila kutetereka, kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi.

"Sauti ya pili, nani huyo ananiongezea?"

Wakaangaliana. Mpishi wa shule, aliyekaa kushoto kwa kile kiti kitupu, akainua mikono. "Mwalimu, mimi nilikuwa hata sijaanza. Nimekaukiwa."

Mwalimu akajiambia ni masikio ya mchovu. Lakini harufu ya pipi za mnanaa ilimfikia pale mbele, zile ambazo dada yake hakuacha kuzimumunya hata wodini, na moyo wake ukaruka kwa furaha kabla akili haijaukamata.

Wiki iliyofuata Karani aliita majina kama kawaida.

"Mzinga!"

"Yupo!" wakasema wote.

Na nyuma yao kidogo, taratibu, kama mtu aliyechelewa akiingia kwa adabu, "Nipo."

Hakuna aliyecheka. Karani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaendelea na jina lililofuata kwa sauti ya mtu anayevuka daraja bovu. Wakati wa kuondoka, Muuguzi, aliyekaa kulia kwa kiti kile, alimvuta Mwalimu pembeni.

"Umesikia?"

"Nimesikia mtu anafanya mzaha."

"Mwalimu, mimi nakaa naye bega kwa bega." Muuguzi alishusha sauti. "Haivuti pumzi. Nimeisikiliza saa nzima. Mtu huimba, akavuta. Hiyo haivuti."

Mwalimu alipaswa kukisogeza kile kiti siku hiyohiyo. Hakukisogeza. Mwenzenu alikuwa ameisikia sauti ya dada yake, na aliyezika mtu anajua kishawishi hicho.

Wa kwanza kukauka alikuwa Mpishi. Alianza kwa kukohoa, kisha akawa hawezi kupanda ngazi tatu bila kukaa. Akafuata Muuguzi, ambaye alijipima mwenyewe kila kitu kinachopimwa na kuona mapafu safi kabisa, lakini midomo ilikuwa inamgeuka kijivu. Wote wawili wakabaki nyumbani, na sauti ya pili ikawa na mapengo matatu, na tamasha limebaki siku tisa. Hapo ndipo Mwalimu alipofanya kosa ambalo mwalimu wa kwaya tu angelifanya. Alimtoa binti wa marehemu kwenye sauti ya kwanza, akamketisha kando ya kiti cha mama yake.

"Una damu ya Mzinga wewe," alimwambia. "Utaifikia tu."

"Nitajaribu, mama mdogo," binti akasema. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ndiye mtoto pekee ambaye Mwalimu alibaki naye duniani. Dada yake, kabla ya kukata kauli, alimshika mkono na kusema maneno matatu tu: "Nakuachia mtoto. Mlinde."

Binti aliifikia nota ile. Aliifikia vizuri mno, na jirani yake asiyeonekana alimpokea kila alipochoka, hata watu wakasema kwaya imepona. Siku ya nne binti alikuja mazoezini akiegemea kuta za barabarani hatua kwa hatua. Mwalimu alimtazama akiimba, akaona jambo ambalo hakulitaka: kila binti alipofungua kinywa kuvuta pumzi, kurasa za kitabu kilichokuwa juu ya kile kiti kitupu zilijiinua kidogo, zikaelekea kwake, kama kwamba pumzi ile ilikuwa inapita kwa mtu mwingine kwanza, na harufu ya mnanaa ikazidi, na chini ya mnanaa sasa kulikuwa na harufu nyingine, ya kabati lililofungwa miaka na kitu kikafia ndani, na ile nota ikavuma na kuvuma ikapita mbao za sakafu ikaingia kwenye miguu yake iliyovimba, na binti akaendelea kutabasamu huku kucha zake zikigeuka samawati, mpaka Mwalimu akapiga kelele, "Basi! Basi! Tokeni wote nje!"

Kesho yake alikuja Fundi wa vinanda, kukitia sawa kinanda kwa ajili ya tamasha. Alikuwa mzee mkimya, na watu walijua kwamba mbali na kuondoa panya kwenye vinanda aliondoa na mengine kwenye nyumba. Alibonyeza kitufe kimoja cha chini, akakiachia. Uzi ukaendelea kulia. Akaushika kwa vidole viwili. Ukaendelea.

"Mmemkaribisha nani humu, mama?" aliuliza bila kugeuka.

"Hatujamkaribisha mtu."

"Mna kiti kitupu na kitabu juu. Mnaita jina?"

"Ni desturi yetu. Jina la dada yangu."

"Na mnaitikiaje?"

Mwalimu alikaa kwenye ngazi. "Yupo."

Fundi akatikisa kichwa, si kwa ukali. "Basi mlisema yupo, na kiti kikapata mwenyewe. Si dada yako. Waliokwenda wamekwenda. Huyo ni mpita njia aliyekuta mlango wazi na sauti imeachwa. Sauti anayo. Pumzi ndiyo hana, kwa hiyo anachota kwa jirani."

"Anaimba kama dada," Mwalimu akanong'ona.

"Lazima aimbe hivyo. Angeimba vingine mngemfukuza."

Kisha akamweleza dawa, nayo haikuwa na ubani wala kuku mweusi. Aliyekaribishwa na vinywa vyote hufukuzwa na vinywa vyote. Siku ya tamasha, kabla ya kuimba, jina liitwe mara ya mwisho, na kila mmoja ajibu "Hayupo," kwa sauti, kisha jina likatwe. "Kila mmoja, mama. Kinywa kimoja kikibaki bila kusema, atawaacha wengine, atafuatana na hicho."

Siku ilipofika walisimama nyuma ya jukwaa, mavazi yao yamepigwa pasi, ukumbi ukivuma kwa watu waliokuja kumsikiliza Mcheki. Mpishi na Muuguzi waliletwa wakiwa wameshikwa makwapa. Binti alikaa kwenye benchi, kichwa ukutani, akivuta hewa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Karani alifungua daftari.

"Mzinga."

Harufu ya mnanaa ikajaa chumba. Kwa pamoja wakasema, "Hayupo!" Mpishi alisema. Muuguzi alisema. Binti alisema huku machozi yakimtiririka, kwa pumzi aliyoikusanya tangu asubuhi.

Mwalimu alifungua kinywa. Midomo ikaenda ha, ikaenda yu, ikaenda po. Sauti haikutoka.

Mtu asimsifu kwamba alijitoa kafara. Ni kweli lilimpitia kichwani kwamba yule mpita njia akimfuata yeye, mtoto atapona. Lakini ukweli mzima ni kwamba alikuwa amechoka, na neno lile lilikuwa zito kuliko jeneza. Siku za mwezi ule alizowasikia wale nyuki, ndizo siku pekee ambazo kifua chake hakikumuuma. Miaka thelathini alinasa samaki, na siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumnasa yeye.

Karani alikata jina kwa kalamu nyekundu. Harufu ikaondoka ghafla, kama dirisha limefunguliwa. Binti akanyanyua kichwa, akavuta hewa ndefu, ndefu, akashika kifua na kuanza kucheka.

Waliimba vile ambavyo hawakuwahi kuimba. Kwenye Amina walipokezana, mmoja akishuka mwingine akipanda, na binti akaibeba nota ya mama yake kwa mapafu yake mwenyewe. Mwalimu alipofunga ngumi hewani, ukumbi ukawa kimya kabisa. Hakuna kilichobaki kikivuma. Watu wakasimama kupiga makofi, na Mwalimu akainama, akafikiri, basi amekwenda kweli, akaumia kama amezika mara ya pili.

Alirudi nyumbani kwake peke yake jua likiwa bado juu ya mapaa. Akavua viatu. Akakaa kitandani, akisugua vifundo vya miguu. Hapo akasikia, upande wa pili wa godoro, pipi ya mnanaa ikivunjika kati ya meno.

Hakukimbia. Angekimbilia wapi na miguu ile? "Dada," alisema. Kando yake nyuki wakaanza kuvuma, taratibu, nota ileile ya chini, na kila walipovuma Mwalimu aliona hewa ikimtoka kidogokidogo. Akajilaza, akafumba macho, akasikiliza. Kulikuwa na raha humo, Mungu amsamehe.

Asubuhi binti alikuja na maua aliyopewa jukwaani. Alipanda ngazi mbio, mbili mbili, akipiga mluzi, na akagonga mlango kwa ngumi.

"Mama mdogo! Nimelala usingizi wa mtoto! Pumzi imerudi yote! Mama mdogo, upo?"

Mwalimu alimsikia. Alitaka kumwambia asiingie, aende zake, akae mbali na mlango huo. Alifungua kinywa, midomo ikacheza, na kifuani hakukuwa na chochote cha kusukuma neno.

Kando yake, kwa sauti nene, tamu, isiyovuta pumzi, akaitikiwa kama wanavyoitikiwa wasioweza kujibu wenyewe.

"Yupo."

Na binti, aliyeijua sauti ile tangu tumboni, akaweka mkono kwenye kitasa.